Aliyeomba Maji Kwenye Lantana

Mama yangu mdogo, Émérence, anafundisha shule ya msingi kule Panda, ambako kila mtu humwita Maîtresse, yaani mwalimu, na Jumamosi zake zilikuwa za kufua na kusahihisha madaftari. Mwaka jana mkuu wa mtaa alitangaza kwamba hifadhi ndogo ya msitu, nje kidogo ya Likasi, inahitaji watu wa kujitolea kung'oa lantana. Akajiandikisha. Walikuwa kumi na mmoja. Kiongozi wao, Germain, aliwaonyesha kile kichaka cha miiba na maua ya manjano na waridi, akaeleza kwamba si cha kwetu, kililetwa zamani kuwa uzio wa nyumba, na sasa kinanyonga miti. Kazi ilikuwa kung'oa na mizizi yake, kurundika juani, kisha kurudi nyumbani kula bukari, ugali wetu.

Jumamosi ya pili walikuta mstari mzima umepandwa upya. Kila kichaka kilikuwa ndani ya shimo lake lilelile, udongo umeshindiliwa kwa kisigino, shina limemwagiwa maji.

Wakang'oa. Jumamosi ya tatu ikawa vilevile.

Basi wakaanza kuchunguzana. Nani anabaki nyuma? Nani haongei? Macho yakaishia kwa Mayimuna, mjane muuza vitenge ambaye familia yake ilitoka mbali, mkoa wa Maniema. Mama mdogo alikuwa amemwona akirudi peke yake kwenye mstari na bidoni, dumu la maji, ilhali kazi imekwisha. Akamwambia Germain. Neno uchawi hakulitamka yeye, lakini wengine walipolitamka hakuwazuia. Germain akamwomba Mayimuna asije tena. Yule mama alivua glavu zake, akaziweka chini, akaondoka.

Jumamosi iliyofuata vichaka vilikuwa vimesimama tena. Safari hii udongo ulikuwa mkavu. Na mashimo mapya yalikuwa yamechimbwa, moja baada ya jingine, kuelekea pale walipozoea kukaa na kupumzika.

Wiki ile mama mdogo hakuwa na raha. Ijumaa, baada ya kuwaaga wanafunzi, mchana kweupe, akaenda mwenyewe. Akamkuta Mayimuna amepiga magoti mbele ya lantana, bidoni tupu ubavuni.

"Kumbe ni weye," mama mdogo akamwambia.

Mayimuna hakugeuka. Alinong'ona.

"Minye sipande, Maîtresse. Minye namupatia tu maji ule mwenye kupanda."

Akamweleza. Jumamosi ya kwanza, mtu wa ovaroli ya bluu alimwomba maji kutoka ng'ambo ya kichaka. Alidhani ni mwenzao, akampa. Alipowatazama watu wakiondoka, hakuona mwenye ovaroli. Tangu hapo hakuthubutu kumnyima. Mayimuna alipofukuzwa, hakuna aliyempa mtu yule maji. Leo amekunywa bidoni nzima, na bado anaomba.

Mama mdogo akasikiliza. Hakuna ndege aliyelia. Ndani ya kichaka, kitu kilimeza mate.

Kisha mkono ukatoka. Polepole, katikati ya miiba, bila mkwaruzo. Kucha zimejaa udongo. Kiganja juu.

"Uko na maji, Maîtresse? Mupatie. Usimuangalie," Mayimuna akasema.

Mama mdogo alikuwa na chupa ya maji mkobani. Akamnyooshea, amefumba macho. Vidole vinne vikalala juu ya mkono wake. Vikavu. Vikavu kama chokaa. Akasikia mtu akinywa. Akinywa. Muda mrefu mno kwa chupa ndogo.

Waliondoka wameshikana mikono. Njiani mama mdogo aliomba msamaha. Mayimuna alijibu tu kwamba amechoka. Kesho yake, mbele ya wote, mama mdogo alikiri kwamba alimsingizia, akaeleza alichokiona. Germain alisikiliza mpaka mwisho, kisha akahamishia kazi upande mwingine wa hifadhi. Mayimuna alirudishiwa glavu zake. Lantana ya upande ule haiguswi tena.

Juzi nilimnawisha mama mdogo mikono kabla ya kula. Maji yalilowesha ngozi yote, isipokuwa alama nne nyembamba nyuma ya kiganja. Hapo yaliteleza pembeni, yakaziacha kavu. Nikamimina tena. Zikabaki kavu. Akauvuta mkono, akaufunika kwa kitenge, akaniambia nilete chakula.