Redio wa Bibi

Kila Jumamosi asubuhi Redio alifagia vipande vya vitambaa chini ya cherehani ya baba yake. Baba alikuwa fundi nguo, na sebule ndiyo iliyokuwa karakana yake: cherehani dirishani, suruali za wateja zimening'inia ukutani, na televisheni imefunikwa shuka isiingie vumbi. Siku nyingine Redio hufagia huku akiimba. Jumamosi hii alifagia kwa kishindo mpaka baba akainua miguu.

"Taratibu, mwanangu. Sakafu imekukosea nini?"

Sakafu haikuwa na kosa. Mwenye kosa alikuwa Chiriku.

Chiriku alikuwa binti wa mama yake mdogo, rika lake, aliyekuja kukaa nao likizo nzima kwa sababu mama yake alikuwa safarini kikazi. Jina hilo la utani alikuja nalo, maana hanyamazi. Jina la Redio alilitoa Bibi. Macho ya Bibi yalikuwa yameingia ukungu, na lugha ya filamu za katuni hakuijua. Basi kila familia ilipoketi kutazama, Redio alikaa miguuni pake na kumsimulia yote: nani kaingia, nani kalia, nani kasema nini.

"Bila redio yangu," Bibi alikuwa akisema, "mimi hapo naona taa tu."

Redio aliionea fahari kazi hiyo kuliko hata alama zake za darasani. Na jana jioni alinyang'anywa waziwazi, mbele ya watu wote!

Walikuwa wameketi kutazama filamu ya likizo, ya mbuzi wa theluji avutaye gari la zawadi angani, akikimbizana na upepo mkorofi. Redio hajamaliza kusema, "Bibi, kuna mbuzi," Chiriku akadakia kwa sauti ya mbuzi mwenye mafua. Kisha akawa upepo. Kisha akawa kikongwe wa mawinguni anayedai zawadi yake kwa makelele. Mama, muuguzi ambaye hurudi kazini hoi bin taabani, alicheka akashika mbavu. Bibi naye alicheka mpaka kitambaa cha kichwani kikamteleza.

"Jamani, huyu mtoto ataniua!"

Redio akanyamaza. Hakuna aliyetambua kwamba amenyamaza, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Umeme ulikatika mbuzi akiwa amenasa kwenye wingu, wakakubaliana kumalizia leo alasiri, kwa kuwa kesho mama anarudi zamu. Baba akachomoa flashi yenye filamu na kumpa Chiriku aitunze. Chiriku, mgeni wa juzi!

Ndiyo maana Redio alipoiona flashi kwenye rafu, kando ya vibiringo vya uzi, wivu ulimzidi. Chiriku alikuwa bafuni, akiimba kama kawaida yake. Redio akaichukua, akaitumbukiza ndani ya foronya ya mto wa Bibi. Nani angethubutu kupekua kiti cha Bibi?

Alasiri ilipofika, nyumba iligeuzwa juu chini. Mama aliinua magodoro. Baba alipekua mifuko ya suruali zote za wateja, akapata kitana na vifungo viwili. Bibi alikuwa ameketi kwenye kiti chake, ameegemea mto.

"Chiriku, mwanangu," mama alisema, na uchovu ukasikika katika sauti yake, "si ulikabidhiwa wewe?"

"Niliiweka pale kwenye rafu, mama mkubwa. Haki ya Mungu."

"Sasa imeota miguu?"

Chiriku akaenda kusimama pembeni, karibu na begi lake. Redio alikuwa ameisubiri saa hii tangu asubuhi, akidhani ataifurahia. Wapi! Mtoto aliyeijaza nyumba sauti tangu alipofika sasa alikuwa hana hata moja.

"Redio," Bibi akaita, "hebu nirekebishie mto huu. Kuna kitu kinanichoma mgongoni tangu nilipokaa."

Redio akasogea taratibu. Akaingiza mkono katika foronya, akatoa flashi.

"Lo!" baba alishangilia. "Kumbe ilidondokea humo! Haya, haya, washa!"

Njia ilikuwa nyeupe. Angeweza kucheka nao na mambo yakaisha. Lakini Bibi alikuwa amegeuza uso upande wake, anangoja, na Chiriku alikuwa anajifuta machozi kwa mkono wa gauni.

"Haikudondoka," Redio alisema. "Niliificha mimi. Chiriku hana kosa."

Baba akaacha kucheka. "Wewe? Kwa nini?"

"Kwa sababu jana alisimulia yeye, na mkafurahi kuliko ninavyosimulia mimi." Hapo akaangua kilio. "Nilimwonea wivu. Nisamehe, Chiriku."

Chiriku alisogea kutoka kwenye begi lake. "Nilidhani mtanirudisha nyumbani," alisema. Kisha akaongeza, "Nimekusamehe. Lakini uliniumiza."

"Wiki hii yote utafagia peke yako," baba akatamka, "na hapo nimekuhurumia."

Bibi alimvuta Redio akae miguuni pake. "Jana nilicheka, kweli. Lakini mbuzi aliponasa sikujua kanasa wapi, kwenye mti au kwenye paa. Nilikuwa nangoja uniambie, nawe umenuna. Sikiliza, mjukuu wangu. Mwenzako akisifiwa, wewe hupunguki hata chembe. Wivu ndio uliokupunguza: ulikunyamazisha jana, na leo ukakufanya umtie mwenzako aibu asiyostahili. Siku nyingine ukiumia, sema. Mimi macho ndiyo mabovu, masikio ninayo."

Wakawasha. Redio akasimulia picha, Chiriku akatoa sauti. Mbuzi alichomoka winguni, gari likayumba, upepo ukavuma hadi Chiriku akakohoa. Mwishowe akaita kwa sauti ile ya mafua, "Meee! Tumefika?"

Watu wakacheka. Bibi pia alicheka, kisha akainama na kumgusa Redio begani.

"Enhe, redio yangu. Tumefika?"

"Bado kidogo, Bibi," Redio akajibu. "Lakini taa za nyumba zimeanza kuonekana."