Kopo Lililorudi Ghalani

"Unalitazama nini hilo kopo, limekutukana?"

Fundi aliruka. Shangazi yake alikuwa amepanda kwenye kiti, anapanga pakiti za mchele kwenye rafu ya juu, miwani imeteremka puani.

"Hapana, Shangazi. Nasoma tarehe."

"Tarehe haisomwi kwa kushika moyo."

Kumbe kweli, mkono wake mmoja ulikuwa kifuani. Aliushusha haraka.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, kwenye ghala la chakula la mtaa, chumba kilichoko nyuma ya nyumba ya ibada. Mwenye kitu alileta alichonacho: pakiti ya unga, nusu kilo ya maharage, hata kipande cha sabuni. Asiye na kitu alipelekewa mfuko nyumbani kila Jumatano. Mifuko haikuandikwa majina, iliandikwa namba tu, na mwenye kujua namba ipi ni nyumba ipi alikuwa Shangazi peke yake. Hiyo ndiyo sheria aliyoiweka, ili mtu ale bila kutajwa.

Fundi alishona sare za shule siku nyingine, lakini Jumatano na Jumamosi alikuwa hapo. Kazi yake ilikuwa kufunga mifuko na kuitia vikaratasi vya namba, na pia kuangalia tarehe ya mwisho ya kila kopo na kuiandika upya juu ya kifuniko, kwa kalamu ya wino mzito. Chini ya tarehe alipiga vistari vitatu vifupi, kama mshono wa kushikiza. Hakuna mwingine aliyefanya hivyo.

Sasa kopo hili la maharage, lililobonyea ubavuni, alikuwa amelitoa kwenye kapu la michango sasa hivi. Alimwona kwa macho yake Dereva, mchumba wake, akilitia humo, kama anavyotia kopo moja kila Jumamosi. Na juu ya kifuniko kulikuwa na tarehe kwa mwandiko wake yeye Fundi, na vistari vitatu chini yake.

Maana yake kopo lilikuwa limeshapita mikononi mwake, likatoka ghalani. Limerudije?

Na ufunguo wa mlango wa nyuma ulikuwa kwa Dereva, kwa kuwa ndiye aliyeingiza makreti asubuhi.

"Mchumba wako ameleta nini leo?" Shangazi aliuliza kutoka juu.

"Maharage."

"Mmh. Na leo umewahi kapu kabla yangu."

Mmh ya Shangazi ilikuwa ya kuogopwa. Ilitosha kwa mvua na ilitosha kwa msiba. Fundi akalisokomeza kopo kwenye mfuko wa aproni.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Dereva aliingia na kreti la viazi begani, anapiga mluzi, ndani ya koti lake la buluu la kiwanda cha mikate.

"Fundi wangu! Mbona umenuna? Sindano imekuchoma?"

"Lile kopo umelinunua wapi?"

Mluzi ulikatika.

"Kopo lipi?"

"La maharage. Ulilotoa leo."

"Dukani."

"Duka lipi?"

"Aa, Fundi! Maduka yamejaa mtaa mzima. Maharage ni maharage." Alicheka, lakini alicheka peke yake. "Kesho saa kumi mama anakuja kwenu kuposa. Gauni amelifua tangu Alhamisi. Usiniambie umebadili mawazo."

"Sijasema kitu."

"Ndiyo maana naogopa."

Alishusha viazi, akaaga kwamba anawahi kazini, akaenda. Fundi alibaki ameshika ukingo wa meza. Mwezi uliopita, msaidizi mmoja alikutwa na chupa ya mafuta ndani ya mkoba. Shangazi hakupiga kelele. Alisema tu, mbele ya watu wote: "Ungeomba ningekupa. Umeiba, nenda." Yule dada hakuonekana tena hata kwenye ibada.

Akimtaja Dereva, leo hii atafukuzwa vile vile, na kesho hakuna cha mama wala gauni. Akinyamaza, ataolewa na mtu anayekwapua chakula cha wenye njaa, halafu anarudisha kopo moja ili asifiwe.

Alitoka nje, akasimama karibu na bomba la maji, akapiga simu kiwandani.

"Kiwanda cha mikate, habari?"

"Nzuri. Samahani, namuulizia dereva wenu mmoja. Mrefu, ana mwanya. Anaendesha gari la asubuhi."

"Yule mcheshi? Hayupo, dada. Gari liliuzwa. Madereva wote waliachishwa, huu mwezi wa tatu sasa."

"Wa tatu?"

"Ndiyo. Kwani wewe ni nani yake?"

Fundi alikata simu.

Alifungua jumbe za kila asubuhi. Zilikuwapo zote, zimejipanga. *Nimeamka fundi wangu, naenda kupakia mikate.* Jana: *Mikate ya leo inanukia, ningekuletea mmoja ila bosi mkali.* Akaandika: *Uko wapi?*

Jibu lilikuja upesi: *Kazini, nashusha mikate. Jioni nitapita.*

"Mungu wangu," alinong'ona, "nionyeshe. Lakini nionyeshe leo, kesho nitakuwa nimechelewa."

Aliporudi ndani, Shangazi alikuwa ameshuka kwenye kiti.

"Shangazi, mtu akiiba hapa, huwezi kumwonea huruma?"

"Nani ameiba?"

"Nauliza tu."

"Mimi sijawahi kuulizwa tu. Kila anayeniuliza tu ana jambo." Shangazi aliutazama mfuko wa aproni uliotuna, kisha akatazama pembeni. "Nyumbani kwao umeshafika?"

"Kila nikisema niende anasema nyumba inapakwa rangi."

"Tangu lini?"

"Miezi mitatu."

"Inapakwa na nani, sisimizi?" Lakini hakucheka. "Nenda. Sasa hivi, mchana kweupe. Kabla hujamhukumu mtu, kaa kwenye kiti chake."

"Kuna kitu unakijua, Shangazi?"

"Nenda, nimesema."

Nyumba aliijua kwa kuonyeshwa kutoka barabarani: vyumba viwili nyuma ya karakana ya baiskeli, mlango wa kijani. Rangi yake ilikuwa imebabuka ile ile ya zamani. Alisimama pale muda mrefu. Mara mbili aliinua mkono kubisha, mara mbili akaushusha. Mlango ukafunguka wenyewe, akatokea mama mzee, mdogo wa umbo, na beseni la maji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu!" Macho ya mama yalitua kwenye aproni, kwenye maandishi ya ghala. Uso ukachanua. "Wewe wa ghalani! Mbona leo si Jumatano? Karibu, karibu ndani. Yule mama wa miwani haumwi?"

Fundi aliingia. Miguu ilimpeleka, akili ilikuwa imebaki mlangoni.

Chumba kilikuwa safi, kitupu. Juu ya meza palikuwa na kitabu cha sala, na kati ya kurasa zake vimechomoza vikaratasi vyeupe, vingi. Kila kimoja kilikuwa na namba kumi na saba, kwa mwandiko wake yeye Fundi.

Namba kumi na saba. *Watu wawili. Vyakula laini. Sukari hapana.* Miezi mitatu aliufunga mfuko huo akiwaza mzee gani huyo asiye na meno. Kwa hela yake ndogo ya kushona, kila Jumatano aliongeza pakiti moja ya majani ya chai.

"Navitunza," mama alisema, akiona anavyoviangalia. "Kuna mtu huko kwenu anatutilia majani ya chai. Mwanamke au mwanamume sijui. Namwombea kila asubuhi kabla sijajiombea mimi. Hebu kaa. Lakini nikuambie kitu, usimwambie mtu."

"Simwambii."

"Mwanangu anaoa. Kesho tunakwenda kwa binti. Na binti hajui kama tunaletewa mifuko. Gari la mikate liliuzwa, basi akaanza kubeba saruji. Siku anapata kibarua, siku hapati. Lakini asubuhi anavaa lile koti la kazi mpaka kwenye kona, ndipo analivua." Mama alitikisa kichwa. "Na kila Jumamosi anachukua kopo moja kwenye mfuko wetu, analirudisha ghalani. Namwambia, baba, hilo ndilo la Jumapili! Anasema, mama, mchumba wangu yuko pale. Siwezi kusimama mbele yake mikono mitupu."

Kopo lilikuwa zito kwenye aproni kama jiwe.

Hapo hapo akasikia hatua nje. Dereva aliingia, nywele nyeupe kwa saruji, koti la buluu limekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki.

"Mama, leo nimepata nusu si—"

Alimwona.

Fundi alitoa kopo, akaliweka mezani, karibu na kitabu cha sala.

"Dukani," alisema. "Duka lipi?"

Mama aliwatazama huyu na huyu. "Mnajuana?"

"Mama," Dereva alisema polepole, "huyu ndiye Fundi."

"Uuuwi!" Mama alijifunika uso kwa mikono miwili. "Na mimi nimemwaga kila kitu! Imebaki rangi ya gauni tu!"

Siku nyingine wangecheka. Hakuna aliyecheka.

"Tangu saa tatu nimekubeba kwenye aproni kama mwizi," Fundi alisema. "Nimepiga simu kiwandani. Nimeulizwa mimi ni nani yako, nikakosa la kusema."

"Ningekuambiaje? Wewe unasimama upande ule wa meza, unafunga mifuko. Nikisema mmoja ni wangu, ungenipenda au ungenihurumia?"

"Sijui! Ungeniuliza ungejua! Umeuliza, umejibu, umefunga kesi, mimi sipo."

"Fundi—"

"Njaa yako hainikasirishi. Linalonikasirisha ni hilo koti. Miezi mitatu unaniamsha kwa mikate isiyokuwapo! Kesho ukiugua utanitumia nini? Picha ukicheza mpira?"

"Naomba unisamehe."

"Unaomba kwa sababu umekamatwa."

Dereva aliinamisha kichwa, vumbi la saruji likadondoka sakafuni.

"Ndiyo," alisema. "Na kwa sababu nimechoka. Nimechoka kulivaa, Fundi."

Mama aliuliza kwa sauti ndogo:

"Kwa hiyo kesho tusije?"

Fundi alisimama, akalichukua kopo.

"Mje, mama. Wewe nakukaribisha kwa moyo wote. Yeye akija, aje na ukweli wake, auseme mbele ya shangazi yangu. Jibu langu nitalitoa hapo, na leo sijui ni lipi."

Usiku huo hakupata usingizi wa maana. Jumapili baada ya ibada alifagia ua mara mbili. Saa kumi ikafika. Ikapita robo saa. Ikapita nusu.

"Hawaji," alisema.

"Kaa chini, unanitia kizunguzungu," Shangazi alisema, lakini na yeye alikuwa amefuta miwani ile ile mara tano.

Simu ikalia ujumbe. Fundi aliusoma, akamsogezea Shangazi: *Tuko hapo nje tangu saa kumi kasorobo. Naogopa kubisha.*

"Mwambie mlango wetu hauna meno."

Waliingia. Mama na gauni lake la zambarau. Dereva na shati jeupe lililofifia kola, bila koti. Mikono ilikuwa mitupu, hakujua aiweke wapi. Hakungoja hata kuambiwa akae.

"Shangazi, shikamoo. Sina kazi. Nabeba saruji nikipata. Nilimdanganya Fundi miezi mitatu. Na mfuko namba kumi na saba ni wa kwetu."

"Marahaba. Najua," Shangazi alisema. "Mimi ndiye ninayeuleta."

Mama aliitikia kwa kichwa; Fundi, aliyelishuku hilo tangu jana, aligeuka kama aliyemwagiwa maji.

"Ulijua! Na ukaniacha nikawa mchumba wake!"

"Nilijua. Kila Jumamosi nililiwahi kapu, nikalitoa kopo lake, nikalirudisha rafuni kabla wewe hujaliona. Hilo lililobonyea limekuja mara nne. Jana nilichelewa, nilikuwa juu ya kiti."

"Mimi ni damu yako, Shangazi!"

"Na mfuko ni siri ya mwenye mfuko. Siku nitakayomtaja mtu mmoja, hata kwako, wengine watalala na njaa kuliko kuja kwangu." Akamgeukia Dereva. "Wewe nilikuwa nakungoja useme mwenyewe. Usingesema leo, ningekurudisha mlangoni, na sababu ningekufa nayo. Umesema. Sasa mimi nimemaliza, mwenye jibu yule pale."

Wote wakamtazama Fundi.

Fundi aliinuka, akaingia jikoni. Walisikia chuma kikikwaruza chuma, kisha sufuria, kisha maji. Dereva alimtazama Shangazi, Shangazi akatazama dari. Muda ulipita ambao Dereva alihisi ni mwaka.

Alirudi na sinia. Maharage yaliyopikwa laini, ya kulika hata bila meno. Vikombe vinne vya chai. Na katikati, kopo lililobonyea, tupu, mdomo wazi.

"Hili halirudi tena ghalani," alisema. "Tunalila hapa, sote, leo."

Mama alipeleka kikombe mdomoni, akasita. Alinusa. Akanywa kidogo, akanusa tena.

"Majani haya…" Macho yalimjaa machozi. "Mwanangu, ni wewe?"

"Kunywa, mama, inapoa."

"Hilo ndilo jibu?" Dereva aliuliza. "Ni ndiyo?"

"Kesho asubuhi nitumie ujumbe," Fundi alisema, akimpakulia. "Uniambie ukweli ulipo. Kama uko kwenye saruji, sema saruji. Kama huna kibarua na umekaa barazani unahesabu nzi, sema nzi. Ndiyo, nitaolewa na mbeba saruji. Na mwenye koti asinijie tena."

Shangazi akafunga macho, akashukuru kimoyomoyo, kisha akasema: "Haya, mnaniacha na njaa."

Asubuhi ujumbe ulikuja: *Fundi wangu, niko barazani. Nzi kumi na mmoja mpaka sasa.*

Jumatano, Fundi alifunga mifuko kama kawaida. Ule wa kumi na saba aliutia vyakula laini, hakutia sukari, akatia pakiti ya majani ya chai. Shangazi alinyoosha mkono auchukue, lakini Dereva alikuwa ameshafika. Hakupitia mlango wa nyuma. Aliingia kwa mlango wa mbele, mbele ya watu wote, akaubeba mfuko wake begani, akatoka nao barabarani mchana kweupe, huku anapiga mluzi.