Meneja Niliyemtunga

Lebo yangu ya muziki ilikuwa na wafanyakazi watano: mwimbaji, mtunzi, mhasibu, mbeba spika na mfagiaji. Wote mimi. Cheka tu, hata mimi nilikuwa nacheka.

Wa sita nilimtunga. Mwanamke akipiga simu mwenyewe kuomba ukumbi, atazungushwa mpaka kiama. Basi nikawa nabonyeza koo kwa kidole gumba, nashusha sauti mpaka tumboni, nasema, "Mimi ni Meneja wake." Watu wananyooka! Meneja aligomba, Meneja alidai, Meneja hakucheka na mtu. Shangazi alinisikia siku moja akakunja uso. "Mwanangu, usimpe sauti asiye na mwili. Atakuja kuutafuta." Nikamwambia apunguze kusikiliza hadithi.

Jioni ile nilikwenda ukumbini kupeleka flashi yenye biti za nyimbo zangu. Shoo yangu ya kwanza kubwa ilikuwa kesho yake, na nilikuwa nimeapa kwamba ikibuma naifunga lebo, narudi kwa mama mikono mitupu. Nilikuwa nimechoka. Nimechoka kwelikweli.

Mlinzi akanifungulia geti.

"Meneja wako ameshaingia."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Mtu mkali yule, dada. Hata salamu haitikii."

Ningesema nini? Kwamba sina meneja? Mwenye ukumbi alikuwa ameongea naye kwenye simu mara chungu nzima, na nilikuwa nimemwapia kwamba yupo. Nikaingia.

Korido ilikuwa na giza. Mlango wa chumba cha kubadilishia nguo ulikuwa wazi kidogo, na harufu ya tangawizi ikanipiga puani... Tangawizi ninayotafuna mimi kabla ya kuimba.

Mtu alikuwa ameketi, amenipa mgongo. Mbele yake palikuwa na kioo. Kiti nilikiona kiooni.

Yeye sikumwona.

"Umechelewa," akanong'ona.

Sauti ile!

Ilikuwa yangu. Ile ya kubonyeza koo.

"Wewe... ni nani?"

"Simu nimepiga mimi. Ugomvi nimegombana mimi. Wewe umebaki na nini?"

"Kuimba," nikasema. "Niachie kuimba, tafadhali. Sina kingine."

Kiti kikalalamika, kwiii... Akaanza kugeuka.

Sikuungoja uso wake. Nilikimbia, kiatu kimoja nikakiacha koridoni.

Nyumbani nilifunga mlango kwa komeo, nikajaribu kuimba ubeti wa kwanza, nijue tu kama bado ni mzima. Ikatoka pumzi tupu. Nikajaribu tena, na tena. Nikalia, na kilio nacho hakikuwa na sauti.

Simu ikaita. Alikuwa mama.

Nikapokea. Nilitaka kumwambia, mama, nisaidie, nakufa. Niliyasukuma maneno kwa nguvu zangu zote.

"Mwanangu, kesho nakuja kukusikiliza," mama akasema. "Nimeshonesha na gauni jipya."

Koo langu likabonyea.

Sikuligusa.

"Mwanao hawezi kuongea sasa, mama," sauti nzito ikasema kinywani mwangu. "Mimi ni Meneja wake. Ukiwa na lolote, niambie mimi."

Nikamsikia mama akishusha pumzi.

"Alhamdulillahi, baba," akasema kwa furaha. "Nilikuwa silali, namwombea apate mtu kama wewe."