Nyumba Isiyo na Mlango wa Nyuma

Sisi wote wa mtaa huu tunakaa ndani ya shamba la Mzee Ambwene. Hata mimi. Kaunta ya duka langu imesimama pale palipokuwa zizi la ng'ombe wake, na mvua ikinyesha sana harufu ya samadi hupanda mpaka kwenye vitenge, wateja wakadhani ni mimi. Miaka kumi na tano iliyopita hapa palikuwa na mpunga, kokoa na migomba tu. Wakaja wapimaji na vigingi vyao, mzee akauza kipande, akauza kingine, na leo tuna saluni mbili, duka la dawa, msikiti, kanisa na vijana wa bodaboda wasiojua kunyamaza. Watu wanaamka, wanakwenda Kyela mjini au mpakani Kasumulu kutafuta riziki, jioni wanarudi. Mchana mtaa unabaki kimya, wetu wanawake.

Naitwa Habiba, ila hapa mimi ni Mama Naila. Babu yangu alitoka Kilwa na mzigo wa nguo, akaoa huku, akasahau kurudi. Nasema hayo mapema ujue kwamba mila ninayotaka kuieleza si ya kwetu, nimeijua kwa kuishi na majirani. Na hadithi za mizimu sizipendi. Hii nimeiona kwa macho yangu.

Nyumba inayotazamana na duka langu ni ya Lugano, mtoto wa Mzee Ambwene. Lugano anashughulikia mizigo ya wafanyabiashara pale Kasumulu, anatoka alfajiri na kurudi jioni. Mkewe, Kisa, alilelewa na bibi yake kule Katumba Songwe, bibi wa kizamani hasa, naye akamfundisha kama alivyofundishwa: mkamwana haonani na baba mkwe. Hamtazami usoni, hataji jina lake, hapishani naye njiani. Akimsikia anakuja, anajifunika kitenge na kujificha mpaka apite. Wengi siku hizi wameacha. Kisa hakuacha, na mzee naye alikuwa wa aina hiyo hiyo. Kila alipotaka kutoka chumbani alikohoa kwanza mara tatu, ili mkwewe apate nafasi ya kujificha. Nilikuwa nawacheka wote wawili, Mungu anisamehe.

Kwenye nyumba yao ya zamani mila hiyo haikuwa na shida. Ilikuwa na milango miwili, na nyuma kulikuwa na kijia cha wanawake kilichopita migombani. Lugano akaibomoa, akajenga ya kisasa. Vigae sakafuni, nondo kila dirisha, koridoo moja ndefu na mlango mmoja tu wa mbele. Ukuta wa uzio ukapita juu ya kile kijia. Nilikuwepo siku mzee alipomwita mwanawe uani.

"Mwanangu, mjengee mkeo mlango wa nyuma."

"Tata, mlango wa nyuma ni wa wezi. Hapa ni mjini sasa."

Mzee aliutazama ule ukuta, kisha akarudi chumbani kwake.

Siku aliyokufa ilikuwa siku ya kawaida kabisa. Jumanne, jua kali, mimi napanga vitenge vipya. Kisa alikuwa jikoni anachambua mchele. Saa sita akasikia kikohozi. Mara tatu. Akajifunika kitenge, akaingia chumbani kwake mwisho wa koridoo, akafunga komeo, akangoja mzee apite. Kikohozi kikaendelea. Akazidi kungoja, maana kwake kikohozi kile kilikuwa na maana moja tu, usitoke. Alingoja mpaka Lugano aliporudi jioni na kumkuta baba yake amelala koridooni, kikombe cha bati mkononi. Kilikuwa kikavu.

Wakamzika pembeni mwa kiwanja, chini ya migomba michache iliyobaki. Matanga yalipokwisha, Kisa akaja dukani akasimama mbele yangu na tumbo lake la miezi saba.

"Alikuwa anaomba maji, Mama Naila. Mimi nikajificha."

Nilimwambia yale ambayo jirani humwambia mfiwa. Hayakumwingia.

Wiki ya tatu nikaanza kuona nguo zake zinashinda kwenye beseni bila kuanikwa. Nilipomuuliza, alinisogelea sikioni.

"Amerudi. Saa sita anakohoa, mara tatu. Kisha anasimama koridooni."

"Umemwona?"

Alinitazama kana kwamba nimemtukana. "Nitamwonaje? Si baba mkwe?"

Mwanzo alisimama robo saa tu. Baadaye ikawa mpaka alasiri. Kisa alikuwa akijifungia chumbani na kunipigia simu kwa sauti ya chini mno. "Mama Naila, hebu tazama. Ameshapita?" Nami kutoka kwenye kaunta nilitazama ule mlango wao wa mbele, nikaona kuku na jua, basi. Nikamwambia ameshapita, toka mwanangu. Akatoka. Nje ya mlango wa chumba chake akakuta kikombe cha bati, kile kile walichomwekea mzee kaburini.

Lugano aliambiwa. Akasema ni huzuni tu, angoje ajifungue ndipo aende kwao akapumzike. Siku moja Kisa alichoka kungoja, akafunga begi mwenyewe. Siku hiyo kikohozi hakikungoja saa sita. Kilianza saa mbili asubuhi, dakika chache baada ya mumewe kuondoka, na begi likabaki juu ya kitanda.

Uchungu ulimshika siku ya Ijumaa, mchana, wanaume wakiwa msikitini. Simu yangu ikaita.

"Mama Naila. Mtoto anakuja."

"Toka! Nakuja nikupeleke hospitali!"

"Hajapita."

Nilivuka barabara pekupeku. Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Ndani kulikuwa na baridi, baridi ya jikoni isiyowashwa moto siku nyingi. Koridoo ilikuwa tupu, ila mwisho wake, mbele ya mlango wa Kisa, palikuwa na kiti. Kiti cha mzee, cha mninga, ambacho Lugano alikifungia stoo mwenyewe. Nilikishika ili nikisogeze. Kilikuwa cha moto, kama mtu ameinuka sasa hivi.

Nikakiachia.

"Kisa, fungua. Hakuna mtu."

"Usinidanganye, Mama Naila. Namsikia anavuta pumzi."

Na mimi nikasikia. Chini kidogo ya bega langu. Pumzi za mtu mzima aliyekaa.

Sijui ujasiri niliutoa wapi. Nilimwamkia kwa Kinyakyusa, kama nilivyomwamkia miaka yote. "Mugonile, tata." Nikamwambia mkweo yuko katika uchungu, tafadhali mpishe. Nikakimbilia jikoni, nikajaza maji kwenye kikombe cha bati, nikakiweka chini mbele ya kiti. Nikageuka pembeni kwa adabu. Nilipotazama tena, kikombe kilikuwa kitupu. Kiti kilikuwa pale pale.

Kisa akapiga kelele ndani. Komeo halikuguswa. Angekubali kufa mle kuliko kupita mbele yake, na nilimjua, asingebadilika.

Nikatoka mbio kumwita Mudathiri, aliyekuwa ndiyo kwanza anatoka msikitini. Ndiye fundi aliyechomelea zile nondo, na alizoea kujisifu kwamba hata paka hapiti. Siku ile alizikata huku anatetemeka na kuomba dua. Tukamtoa Kisa dirishani, amejifunika kitenge gubigubi. Lakini njia ya mbele ndiko kilikotoka kikohozi, tulikisikia wote, kinazunguka nyumba kuja upande wetu. Polepole.

"Ukuta," Kisa akanong'ona. "Kijia."

Mudathiri akabomoa matofali kwa nyundo. Yalitoka upesi mno. Kisa akapenya, akapiga hatua tano kwenye majani, akapiga magoti. Kijia kile hakikuwa kimeonekana kwa miaka minne, wenyewe tulikuwa tumekisahau, lakini hapo alipopigia magoti ardhi ilikuwa safi, imefagiliwa. Alijifungua hapo hapo. Mtoto nilimpokea kwa mikono hii.

Alikuwa wa kiume. Hakulia. Alifumbua macho akanitazama, kisha akakohoa. Mara tatu.

Nikamnyooshea Kisa mwanawe. Mikono yake ilikuwa imeshafika, imebaki kidogo imguse. Ikarudi nyuma. Ikashika kitenge, ikamfunika uso.

Sasa mtoto ana miaka miwili. Wazee wa ukoo walimpa jina la babu yake bila kutuuliza, kwa hiyo mama yake hajawahi kumwita. Alimnyonyesha amejifunika kitenge, mwaka mzima na zaidi. Hajui mwanawe ana macho ya namna gani. Lugano alijenga mlango wa nyuma kwa mikono yake mwenyewe, analia, na Kisa hutumia huo tu. Nikifikiria jambo hili moyo unaniuma, kisha nawakasirikia wote, mzee, Lugano na mimi mwenyewe, niliyekuwa nacheka.

Jana Kisa alikuja kununua sabuni na mchele. Nilikuwa nampimia mchele nikasikia kikohozi barazani. Mara tatu. Nilipogeuka, Kisa alikuwa ameshachuchumaa nyuma ya magunia, kitenge kichwani. Mtoto akaingia, mikono nyuma, polepole.

"Maji," akasema.

Nikampa. Mdomo wangu ukasema shikamoo kabla sijauzuia. Akanywa yote. Kisha akainama, akatazama chini ya kaunta yangu, huku na huku, kwa muda mrefu.

"Ng'ombe?" akaniuliza. "Ng'ombe wangu?"

Mtaa mzima hakuna aliyemwambia mtoto wa miaka miwili kwamba hapa palikuwa zizi. Akaniwekea kikombe kwenye kaunta, akaenda hadi mlangoni, akasimama, mgongo kwetu, akiyatazama mapaa ya mabati yaliyojaa shamba lote.

Nyuma ya magunia nikasikia sauti ndogo.

"Mama Naila. Ameshapita?"

Miaka yote hiyo nilimwambia ndiyo.

"Bado," nikasema.