Magauni Manne Kabatini

Walikutana kwenye duka la vifaa vya umeme, mwisho wa mwezi, watu wamejaa hadi mlangoni. Fundi friji alikuwa anajaribu maikrofoni. Fundi cherehani alifuata waya wa pasi, amevaa gauni la kijani alilojishonea mwenyewe, na lilimkaa kweli. Jamaa akamwomba aseme chochote kwenye maikrofoni. Bibie akaimba mstari mmoja, nusu utani, wateja wakageuka. Jamaa akalipa, akaomba na namba ya simu.

Kila Jumapili mchana wakawa wanarekodi chumbani kwa jamaa, kwa kompyuta kuukuu. Alikuwa anajifunzia kwenye video za simu: sauti isipasuke, ngoma zisimmeze mwimbaji. Siku ya kwanza kila neno liligonga ukuta likarudi, utadhani mtu anaimba bafuni. Jumapili iliyofuata sauti ikawa tamu ghafla. Bibie alikuwa amesimamishwa mbele ya kabati lililofunikwa blanketi, na alipouliza kuna nini, jamaa akacheka.

"Siri ya fundi, mpenzi."

Siri gani tena? Bibie alikuwa amechezewa miaka miwili na mume wa mtu, na akili yake ikaanza kuzunguka hapo hapo.

Jumapili ya tatu blanketi likaanguka katikati ya wimbo. Kabati liko wazi, na ndani magauni manne ya kike, marefu, ya mahameli nzito. Jicho la fundi cherehani likamaliza kazi: yote ni ya mtu mmoja, bega la kushoto limekatwa chini kuliko la kulia.

"Ni ya dada yangu," jamaa akasema. "Kitambaa kizito kinanyonya mwangwi. Niliona aibu kukwambia nimeazima nguo za kike."

Loo! Hayo ya dada ndiyo aliyoambiwa na yule mume wa mtu, neno kwa neno. Akabeba mkoba, akatoka. Simu iliita siku nne bila kupokelewa. Ya tano akaipokea.

"Una dada kweli?"

"Ninaye."

"Mlete nimpime."

Jamaa alikasirika, lakini alimleta. Dada mtu aliingia akilalamika kwamba kesho ana sherehe, na nguo zake zote za maana zimegeuzwa mapazia ya studio.

"Wifi, pima haraka," akasema.

Bibie akapitisha tepu mabegani. Bega la kushoto lilikuwa chini vidole viwili. Akapima tena, kwa haya. Alijua sasa kwamba anampenda huyu mtu, na kwamba amemkosea.

Jamaa hakucheka. Alingoja dada yake atoke.

"Leo nimekuletea dada. Kesho ukiona kitu kingine, nitakuletea nani?"

Bibie alikunja tepu taratibu. "Nisamehe. Yule mtu aliniharibu. Siku hizi ukweli na uongo nausikia sawa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nitakuuliza wewe. Ukinijibu, basi. Sipimi mtu."

"Haya, niulize."

Akamtazama usoni. "Utanioa?"

"Nitakuoa."

Mdomo ulimwasha kumuuliza kama ana hakika. Hakuuliza.