Neige wa Buffalo

"Nimeuliza jina moja tu, Aganze! Neige ni—"

"Chérie, ngoja basi, unisikie—"

"—ni nani? Huyo anayekushika asubuhi yote—"

"—uko unasema mbio, ata sipate pa kuingia!"

"Ingia kwa huyo Neige wako!"

Séphora alikuwa na simu sikioni kwenye parking ya ghala la maboksi, Louisville, kikoti cha kazi cha rangi ya chungwa juu ya sweta, sambusa ya mapumziko imepoa mkononi. Ujumbe wa Aganze alikuwa ameusoma mpaka macho yakauma: *Bébé, sikuenda kazi. Neige alinishika ku nyumba tangu asubui. Mama anafurahi sana, anasema mwaka huu Neige atakula Noeli na sisi.*

Sasa, Séphora alikulia kambini, Tanzania. Kifaransa kilimpita pembeni. Kwenye Kiswahili chake mtu ni mtu na kitu ni kitu. Ukisema "alinishika", aliyekushika ana mikono. Kiswahili cha Aganze ni cha Bukavu, kinachemsha watu na vitu kwenye sufuria moja. Halafu kule kambini alikuwepo Neige kweli! Muimbaji wa kwaya, shingo ndefu, akitabasamu mchungaji anasahau mstari. Alipata safari kabla yao. Akapelekwa wapi? Jimbo la New York. Na Buffalo, anakoishi Aganze, iko wapi?

Ahaa.

Aganze akaelewa kosa liko wapi. Mtu mwenye akili angesema neno moja tu na mambo yangeisha. Lakini huyu tangu utoto utani humtoka kabla hajafikiri.

"Bon. Umenikamata. Neige ni mweupe."

"Mweupe?"

"Pee! Na ni mupole, ata haongeake. Akishuka, mutaa muzima unanyamaza. Kuja Noeli utamuona mwenyewe."

"Nitakuja. Na manto yako nitakuletea."

Simu ikakatika. Cheko likamfia Aganze mdomoni.

Manto. Walionana mara ya kwanza Columbus, kwenye mkutano wa makwaya, wakigombania sahani ya mwisho ya pilau. Walipotoka nje Séphora akawa anatetemeka na gauni lake jepesi la zambarau, Aganze akavua koti lake zito, manto ya bluu, akamvisha. "Utanirudishia siku utanichoka," alimwambia. Mwaka mzima halijarudi. Sasa linarudi.

Alipiga. Akapiga tena. Séphora aliiacha simu ilie mpaka ikachoka.

Siku moja kabla ya Noeli alishukia Columbus, kwa binamu yake Josiane, Whitehall. Josiane alimsikiliza huku akisuka nywele zake mwenyewe kwenye kioo.

"Dada, alikwambia *mweupe*? Alimsifu mbele yako?"

"Na mama yake anafurahi."

"Mama pia yumo! Hawa wamekuzunguka familia nzima." Akatupa kitana. "Kesho nakupeleka na gari yangu. Nataka nimuone huyo asiyeongea."

Walivyozidi kwenda kaskazini dunia ikawa nyeupe, barabara, mapaa, mpaka nyaya za umeme. East Side ya Buffalo, mbele ya nyumba ya mbao, Aganze alikuwa na chepe, amevaa shati la kitenge cha kijani chenye ndege wa njano juu ya sweta mbili. Kwao Noeli wote huvaa kitambaa kimoja, kuanzia baba mpaka mtoto wa kutambaa.

Séphora akashuka. Hakumuangalia usoni. Aliangalia mlango uliokuwa wazi, na ndani, kwenye ukuta, robe, yaani gauni, ya kitenge kilekile imetundikwa. Kiuno chembamba. Haijavaliwa.

"Ile ya nani?"

"Chérie—"

"Ya Neige?"

"Hapana, sikia, nilikuwa nacheka tu—"

"Unanicheka!" Akavua manto, akamtupia kifuani. Akabaki na blauzi, meno yanagongana. "Nimekuchoka. Ulisema mwenyewe nikikuchoka nirudishe. Sasa mtoe nimuone!"

Kabla Aganze hajajibu, mama yake akatokea mlangoni, mikono imejaa unga, kilemba cha ndege wa njano kimemkaa upande.

"Séphora? Mwanangu, uko unafanya nini inje bila manto? Ingia mbio, Neige atakuua! Angalia, amekujaa ku kichwa!"

Séphora akapeleka mkono kichwani. Ukarudi na theluji, neige ya Kifaransa.

Akaitazama. Ikayeyuka.

Ndani ya gari Josiane alicheka mpaka akabonyeza honi.

"Nilitaka ukuje," Aganze alinong'ona. "Mama alishona robe yako tangu mwezi wa kumi."

Séphora hakucheka. Alipita, akachukua robe ukutani, akaenda kuivaa. Ilimkaa sawasawa. Hapo Aganze akaanza kuogopa kweli.

Mezani sombe ya majani ya muhogo ilitoa moshi, ugali umejipanga kama vilima, watoto wanalalamika kwa Kiingereza kwamba njaa inawaua. Lakini kwao hakuna anayegusa chakula cha Noeli kabla mgeni hajaomba kitu, na anachoomba hakikataliwi. Mwaka uliopita mchungaji aliomba redio, akaondoka nayo.

"Mwanangu, omba," alisema Papa Mushagalusa, baba yake Aganze.

Aganze alikuwa ameshakisia: ataomba yeye alazwe barazani na chepe lake. Josiane alikuwa tayari ameshika paja la kuku.

Séphora akasimama. Akapiga goti mbele ya mzee, taratibu, kama mtu aliyetumwa na ukoo mzima.

"Papa, nimekuja kuposa. Neige bakini naye. Mimi naomba Aganze. Ng'ombe, mnataka ngapi?"