Mbeleko kwenye Sarafu ya Dola

Haya yalimpata rafiki yangu Wilmer Chicaiza, hapa kwetu Riobamba, Ekuador, mwaka wa mgawo wa umeme. Tangu nimzike mke wangu, Wilmer huja kuketi nami, na alinisimulia bila kuniangalia.

Wilmer hukusanya sarafu za dola ya Marekani, ambayo ndiyo pesa yetu hapa, zenye mwanamke aliyembeba mtoto mgongoni. Kila akipewa chenji huigeuza, asome mwaka uliochongwa ukingoni.

Mkewe, Nelly, alikuwa na mimba ya miezi minane. Mimba mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika. Jioni ya tukio hilo Nelly alimtuma Wilmer dukani mishumaa tu.

"Don Wilmer, leo tena utataka nikubadilishie chenji?" alimtania Doña Targelia, mwenye duka. "Ungekuwa unamkagua mkeo hivyo!"

"Yeye hakubali kugeuzwageuzwa, jirani."

Umeme ukakatika. Gizani Wilmer akaidondosha sarafu aliyorudishiwa kama chenji juu ya kaunta, kama sote tunavyofanya kutambua bandia. Ililia vizuri, mlio mwembamba, mrefu. Akaipapasa kwa kidole gumba: nywele, shavu, bega. Kisha, pale alipopaswa kuwa mtoto, hakukuta kitu.

Targelia akawasha mshumaa. Sarafu haikuwa imelika. Hata nyuzi za nywele zilionekana. Mbeleko ilikuwapo, imelegea, haina mtoto.

"Hebu iguse," Wilmer alisema.

Targelia akaigusa, akaacha kucheka. "Nenda nyumbani, jirani. Nenda sasa hivi."

Sarafu yote ilikuwa baridi. Ndani ya mbeleko tu ndiko kulikokuwa na joto, kama mtoto ndiyo kwanza ametolewa.